Kihisi joto kwenye mabomba ya mafuta yanayoganda: mambo ya kujua

Mafuta ya mawese hayatiririki kama petroli, yakipoa huganda. Mji wa Rubavu (Gisenyi) uko kando ya Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460, na usiku joto hushuka chini ya nyuzi 20 za Sentigredi. Kwa hali hiyo, bomba la mawese huhitaji kupashwa joto. Njia mojawapo ni waya wa umeme unaofungwa kwenye bomba, kisha kufunikwa kwa sufi na bati. Kinachoamua waya uwake au uzimike ni kihisi joto.

Viwango
Mwongozo wa Codex, chombo cha FAO na WHO, unataka mawese yahifadhiwe na kusafirishwa yakiwa kati ya nyuzi 32 na 40, na yapakiwe au kupakuliwa kati ya nyuzi 50 na 55. Mafuta yaliyomo kwenye tangi yasipandishwe joto zaidi ya nyuzi 5 kwa saa 24. Kwa hiyo, yakiwa kwenye nyuzi 35 yanahitaji siku 3 kufika 50. Anayeharakisha huharibu mzigo. Anayechelewa kuanza hulipia lori linalosubiri.

Aina za udhibiti
Kihisi cha hewa huwasha nyaya zote pale baridi inapozidi. Ni rahisi kufunga, lakini hupasha hata bomba ambalo tayari lina moto, na gharama ya umeme hupanda. Kihisi cha bomba hupima bomba lenyewe. Kwa mawese hiki ndicho kinachofaa, kwa kuwa kiwango kina mwisho wa chini na wa juu.

Ufungaji
Kihisi kifungwe mbali na waya, upande mwingine wa bomba, chini ya sufi. Kikigusa waya kitasoma joto la waya na kuzima mapema, huku mafuta yakiganda. Kisiwekwe karibu na valvu wala nguzo, maana hapo joto hupotea zaidi. Tawi la bomba lisilopitisha mafuta kila siku liwe na kihisi chake. Kihisi cha pili cha usalama kikate umeme joto likipita kikomo.

Mfano wa Afrika Mashariki
Bomba la EACOP kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, Tanzania, lenye kilometa 1,443, limesanifiwa kwa nyaya za umeme kwa sababu mafuta ghafi ya Uganda yana nta. Mafuta hayo yanatakiwa yabaki karibu nyuzi 50.

Kabla ya kukodi tangi
Mfanyabiashara aulize: kihisi kiko kwenye bomba au hewani? Kilihakikiwa lini mara ya mwisho? Kikiharibika, waya huzimika au huendelea kuwaka? Na umeme ukikatika, jenereta inabeba nyaya hizo? Majibu yaandikwe kwenye mkataba.