Kamera zilivyoifupisha Safari Rally

Januari 2012, siku chache kabla ya Monte Carlo Rally kung'oa nanga, Mashindano ya Dunia ya Mbio za Magari (WRC) yalikuwa na madereva, magari na kalenda, ila promota hayakuwa naye. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lilikuwa limevunja mkataba na North One, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikiuza haki za matangazo. Sébastien Loeb alishinda Monte Carlo, kisha msimu mzima ukaenda kwa kuungaunga.

Mkasa wenyewe ulianzia benki. Mapema mwaka 2011, idara ya michezo ya North One ilikuwa imenunuliwa na Convers Sports Initiatives, kampuni ya Mrusi Vladimir Antonov, ambaye pia alikuwa mmoja wa wamiliki wa benki ya Snoras nchini Lithuania. Novemba mwaka huo serikali ya Lithuania ikaitaifisha Snoras, Antonov akakamatwa London, na kampuni yake ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi. Klabu ya soka ya Portsmouth, iliyokuwa mali ya kampuni hiyohiyo, nayo ikatumbukia shimoni. Hivyo ndivyo benki moja ya Lithuania ilivyotikisa mashindano yanayopita kwenye theluji ya Sweden na vumbi la Argentina.

Kwa nini FIA haikushika usukani yenyewe? Kwa sababu ilikuwa imekwishabanwa. Mwaka 1999 Tume ya Ulaya iliituhumu kuchanganya kazi mbili: kutunga sheria za mchezo na kuchuma pesa kwenye mchezo huohuo. Shauri lilimalizwa mwaka 2001 kwa FIA kukubali kubaki mtunga sheria na kujitoa kwenye biashara. Haki za Formula One zilikodishwa kwa kampuni za Bernie Ecclestone kwa miaka 100, kwa zaidi ya dola milioni 300. Ukigawanya kwa miaka hiyo, kodi ya mwaka haifiki hata mshahara wa dereva mmoja mashuhuri.

Haki za matangazo ya WRC nazo zilikuwa mikononi mwa Ecclestone, kupitia kampuni ya ISC, hadi mwaka 2000 alipomuuzia David Richards. Richards aliujua mchezo nje ndani. Aliwahi kuwa msoma ramani wa Ari Vatanen walipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1981. Lakini pia alikuwa mwenye Prodrive, kampuni iliyoendesha timu ya Subaru. Aliyekuwa akiuza picha za mashindano alikuwa na gari lake ndani ya mashindano. Sidai kwamba alipendelea mtu, ila katika soka jambo kama hilo lingezua kelele kubwa.

Ni katika enzi yake Safari Rally ya Kenya ilipoondolewa kwenye kalenda ya WRC. Safari ilizaliwa mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya 1970 njia yake ilizidi kilomita 5,000, kwenye barabara zilezile za matatu, ng'ombe na watoto wa shule. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Hakuna aliyehitaji televisheni kumtambua Joginder Singh, aliyeitwa Simba, wala Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano. Redio na magazeti vilitosha, na matangazo ya biashara yalifanywa na magari yenyewe. Bert Shankland wa Tanzania aliposhinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, mnunuzi wa Dar es Salaam au Kisumu hakuhitaji tangazo jingine la kumthibitishia uimara wa gari hilo.

Televisheni ilitaka kitu kingine. ISC ilitaka mashindano ya siku tatu, karakana moja ya timu zote, na mikondo mifupi inayorudiwa mara mbili ili kamera zisihamehame. Safari ya 2002, aliyoshinda Colin McRae kwa Ford Focus, bado ilikuwa na karibu kilomita 1,000 za mashindano katika barabara zisizofungwa, huku helikopta za timu zikitangulia kuangalia kama kuna punda au lori mbele. Pesa nazo zilikuwa haba nyumbani, na maandalizi yalilalamikiwa. Mwaka 2003 Safari haikuwemo kwenye kalenda.

Iliporejea, baada ya ahadi za serikali ya Uhuru Kenyatta na mwaka mmoja ulioliwa na korona, promota alikuwa mwingine. Tangu 2013 kazi hiyo ilishikwa na kampuni ya Ujerumani iliyoundwa na Red Bull Media House na Sportsman Media Group. Tangu 2018 inarusha kila mkondo mubashara. Ndege huzunguka juu kwa juu ikipokea picha kutoka helikopta na kamera zilizo ndani ya magari, kisha huzituma chini. Ndege moja haiwezi kufunika nusu ya nchi. Kwa hiyo Juni 2021 Safari ilibanwa kuzunguka Naivasha: mikondo 18, kilomita 320 hivi, sehemu kubwa ndani ya mashamba ya watu binafsi na hifadhi.

Mie nilitarajia kichekesho, lakini haikuwa hivyo. Vumbi la mkondo wa Kedong, laini kama unga wa muhogo, liliyameza magari. Jumapili asubuhi, Thierry Neuville, aliyekuwa akiongoza kwa karibu dakika moja, akavunjikiwa shokabzoba kwenye mkondo wa Loldia mbele ya macho ya dunia. Sébastien Ogier akashinda, Takamoto Katsuta akawa wa pili. Enzi za redio tungesikia tu kwamba Neuville amejitoa.

Kwa hiyo sina ugomvi na kamera. Ugomvi wangu uko kwenye hesabu. Promota anamiliki picha na kuuza haki zake duniani. Kenya, kupitia Wizara ya Michezo, inalipia maandalizi kwa fedha za umma. Mtunga sheria asiwe mchuuzi, hilo lilishaamuliwa. Mwenye timu naye asiwe mchuuzi, na mchuuzi mwenyewe apekuliwe benki yake kabla ya kupewa funguo. Lakini anayegharamia uwanja anapaswa kukaa mezani kalenda inapopangwa. Mwaka 2024 Safari ilirudishwa wikendi ya Pasaka, msimu wake wa jadi, na Wakenya wengi walishangilia. Mwaka uliofuata ikapangiwa wikendi ya Machi 20 hadi 23, wakati Pasaka ilikuwa Aprili.