Kuchanga na Kutozwa: Gharama za Matibabu Tanzania Bara

Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku matibabu ya watu binafsi kwa ajili ya faida. Hospitali za mashirika ya dini ziliruhusiwa kuendelea. Serikali ilikuwa imekwisha kujitwika mzigo wa kutibu watu bure, lakini uchumi ulipodhoofika dawa ziliadimika. Sheria ikarekebishwa mwaka 1991, na tangu 1993 wagonjwa wakaanza kutozwa ada katika hospitali za serikali, ijapokuwa maskini waliahidiwa msamaha. Ada hiyo iliitwa “kuchangia gharama”. Walakini kuchanga, kwa desturi ya Waswahili, ni kila mtu kutoa kadiri ya uwezo wake, ili aliyefikwa na jambo asielemewe. Hapa anayechangishwa ni yule yule aliyefikwa.