Mali Bila Daftari: Historia na Kompyuta Kwetu Ikola

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi huichukulia methali hii kuwa ni ya wafanyabiashara. Mimi naona ni methali ya historia, na tena ni ya kompyuta.

Katika utumishi wangu serikalini wenzangu hunishangaa kwa kupenda mambo mawili ambayo wao huyaona hayapatani. Huniuliza, mtu anayefukua mambo ya kale anatafuta nini kwenye mashine mpya? Jibu langu ni fupi. Kompyuta ni karani. Ni karani mwepesi kuliko wote, hachoki wala haombi likizo, lakini hawezi kunakili kitabu ambacho hakuna aliyekiandika.

Somo hili taifa letu lilikwisha lilipia ada. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Mashine za siku hizo zilikuwa kubwa kama makabati, na zililishwa kadi zilizotobolewa matundu. Mpango wa kuziachia hesabu za Serikali ulikwenda kombo, na mwaka huohuo wa 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Vijana wakisikia habari hii hucheka. Wasicheke. Mashine ikipewa hesabu mbovu hurudisha hesabu mbovu, ila huzirudisha haraka zaidi.

Sasa tuichukue kanuni hiyo tuilete Ikola, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, tuulize swali moja lenye faida kwa kila mwenye nyumba huku: maji yalifika wapi?

Ziwa letu hupanda na kushuka. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone pale Ujiji. Aliporudi mwaka 1876 aliandika kwamba miti iliyokuwa sokoni safari ya kwanza sasa imesimama majini. Muda mfupi baadaye maji yalijipasulia njia kwa mto Lukuga, upande wa Kongo, na ziwa likaanza kushuka. Wabelgiji waliojenga ngome yao Karema mwaka 1879, kusini mwetu tu hapa, walijenga karibu na maji. Baada ya miaka michache maji yalikuwa yamewakimbia. Kisha mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 zikalijaza ziwa tena, likafika kilele mwaka 1964. Likashuka. Mwaka 2021 likapanda, na mwaka 2024 likapanda tena, na watu wa mwambao kuanzia Uvira na Bujumbura hadi upande wetu wa Tanzania wakaona maji yakiingia majumbani.

Haya yote tunayajua kwa sababu kuna mtu aliyeyaandika. Mgeni mpita njia aliandika juu ya miti ya Ujiji, na leo ni ushahidi. Lakini iulize kompyuta yoyote mwaka 1964 maji yalifika mwembe upi hapa Ikola. Itakupa kimo cha ziwa zima kwa mita juu ya usawa wa bahari. Haitakupa mwembe. Na anayetaka kujenga nyumba, au mama anayetafuta mahali pa kuanikia dagaa, hahitaji mita juu ya bahari, anahitaji mwembe.

Mwembe huo wazee wetu wanaujua. Ila mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1964 leo amepita miaka 70. Kwa hiyo, ndugu zangu wanafunzi, pokeeni ushauri wa kaka yenu.

Kwanza, nendeni mkaulize, na mwende kwa adabu. Mpe mzee shikamoo yake, keti, sikiliza. Usimdai tarehe kama karani wa mahakama. Wazee wana kalenda yao: Uhuru mwaka 1961, Muungano mwaka 1964, Operesheni Vijiji mwaka 1974, Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Muulize tu: maji yalipofika hapo, Muungano ulikuwa umekwisha kuwapo? Hapo utapata mwaka. Wazee wawili wakitofautiana, andika maneno ya wote wawili. Usiwe hakimu siku ya kwanza.

Pili, andikeni kwa kalamu ya wino katika kaunta buku. Wekeni jina la msemaji kwa ridhaa yake, tarehe, na mahali mlipozungumzia. Habari isiyo na msemaji ni uvumi hata ikichapwa vizuri namna gani.

Tatu, ndipo kompyuta ije. Pigeni picha kila ukurasa, na nakala ziwe zaidi ya moja, mahali zaidi ya pamoja. Wenzangu wa umri wangu wanakumbuka diski laini tulizozitunza kama dhahabu. Diski hizo bado zipo makabatini; mashine za kuzisoma ndizo zimetoweka. Kaunta buku husomwa kwa macho tu.

Nne, jihadharini na mashine hizi za akili mnemba zinazojibu kila swali. Mimi mwenyewe nazitumia, na kazi yake naisifu. Lakini zinaweza kuziba pengo kwa maneno matamu, na msomaji asijue kama palikuwa na pengo. Kila jawabu liulizeni swali la mwanahistoria: ni nani aliyeona, na aliandika lini?

Nasi wanafunzi wa zamani tusiishie kutoa hotuba siku ya mkutano. Napendekeza tuwanunulie wanafunzi kaunta buku za kutosha, na tusimamishe ufukweni Ikola nguzo yenye alama za kipimo. Kila tarehe mosi ya mwezi mwanafunzi mmoja aende, asome kimo cha maji, aandike na kutia sahihi. Gharama yake haizidi karamu yetu moja. Baada ya miaka 10 shule yetu itakuwa na daftari la vipimo 120, na anayetaka kujenga ufukweni atakuwa na pa kuuliza kabla ya kuchimba msingi.

Kazi hiyo haingoji umeme wala intaneti. Ianze kwa kalamu. Kompyuta itakuja kuinakili.