Wapimaji Walipopimwa Wakashindwa Kutabirika

Mwaka 2024 palizuka mvutano Marekani juu ya mtihani. Muungano wa bodi zinazotoa leseni kwa wanasaikolojia ulitaka wahitimu, wakishamaliza maswali 225 ya kuchagua jibu, wafanye na mtihani wa pili wa kupima ujuzi wa kazi yenyewe. Texas ikakataa, ikapeleka malalamiko kwa tume ya serikali kuu inayolinda ushindani wa kibiashara. Oktoba mwaka huo mpango wa kuufanya mtihani huo wa lazima kuanzia 2026 ukasitishwa.

Waliokuwa wakirushiana maneno wangefungua kwanza kitabu kilichotoka mwaka 1951, cha E. Lowell Kelly na Donald Fiske, kuhusu utafiti wao wa Chuo Kikuu cha Michigan. Baada ya Vita Kuu ya Pili, hospitali za maveterani zilifurika askari waliorudi na majeraha ya akili, na mwaka 1946 serikali ikaanza kugharamia mafunzo ya wanasaikolojia wa tiba. Nani achaguliwe?

Kelly na Fiske wakaazima mbinu za majasusi. Wakati wa vita, shirika la ujasusi la OSS lilikuwa likiwapima watu wake kwenye shamba moja Virginia. Mtu alipewa dakika 10 asimamishe fremu ya mbao kwa msaada wa vibarua wawili. Mmoja alizubaa tu, mwingine alimtukana na kumkejeli. Wote wawili walikuwa wametumwa wamkwamishe.

Kiangazi cha 1947, wanafunzi zaidi ya 100 waliitwa Ann Arbor, kilipo Chuo Kikuu cha Michigan. Walihojiwa, wakaonyeshwa madoa ya wino waseme wanaona nini, wakatunga hadithi kutokana na picha, wakaigiza mbele ya majopo ya wataalamu. Kisha wakafuatiliwa kwa miaka wakiwa masomoni na kazini.

Matokeo yalikuwa ya aibu. Jalada la mwombaji na majaribio machache ya kujaza kwa kalamu yalitabiri karibu sawa na jopo zima lililomkodolea macho juma zima. Mahojiano, ambayo wataalamu waliyaamini kuliko kitu kingine, hayakuongeza la maana. Tena kukawa na tatizo jingine: hata wasimamizi wa wanafunzi hao hawakuwa na kipimo kimoja cha kusema nani ni mwanasaikolojia mzuri. Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililokuwa zito zaidi, na ndilo lililosahauliwa upesi.

Wakati huo huo taaluma ilikuwa ikijipangia mafunzo yake. Mkutano wa Boulder, Colorado, mwaka 1949 uliamua mwanasaikolojia awe mtafiti na mtabibu kwa pamoja. Ule wa Vail mwaka 1973 ukafungua njia ya wanaotaka utabibu zaidi kuliko utafiti. Mwaka 2002 wataalamu walikutana Arizona kuzungumzia umahiri, na baadaye zikaja orodha ndefu za viwango vya kila hatua ya mafunzo. Anayezijaza orodha hizo hadi leo ni msimamizi yule yule, na kumwandikia vibaya mwanafunzi uliyemlea si jambo jepesi.

Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia tangu 2014. Watakaokaa kutunga vipimo vya wahitimu wetu wasinunue mtihani wa watu kabla ya kuwauliza wenyewe: mliwafuatilia waliofaulu, na kazini walikuwaje?