Neema, Shaka na Kiti cha Maungamo

Tarehe 28 Agosti 1607, sikukuu ya Mtakatifu Augustino, Papa Paulo V aliwakutanisha makardinali ili kumaliza shauri la neema na hiari lililokuwa limekaa Roma karibu miaka kumi. Wadominikani walitaka kitabu cha Mjesuiti Luis de Molina kipigwe marufuku. Wajesuiti nao walisema mwenye kosa ni Mdominikani Domingo Báñez wa Salamanca. Papa Klementi VIII alikuwa amesimamia mijadala hiyo mwenyewe tangu 1602, hadi kifo kilipomkuta 1605. Paulo V alisikiliza maoni ya makardinali, kisha akaliacha shauri bila hukumu: kila upande uendelee kufundisha yake, na asiwepo wa kumwita mwenzake mzushi hadi Kiti Kitakatifu kitakapotamka. Hakijatamka hadi leo.

Ubishi wenyewe ulitokana na Mtaguso wa Trento. Katika hati yake ya 13 Januari 1547 kuhusu kuhesabiwa haki, mtaguso ulifundisha kwamba mtu hawezi kuianza njia ya wokovu kwa nguvu zake mwenyewe. Neema ya Mungu humtangulia. Ukafundisha pia kwamba neema hiyo haiui hiari yake, maana anaweza kuikataa. Namna mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja haikuelezwa. Molina, katika kitabu chake Concordia kilichochapwa Lisbon mwaka 1588, alisema Mungu anajua tangu milele kila mtu angechagua nini katika kila hali, na hugawa neema zake kwa kujua hivyo. Báñez akaona maelezo hayo yanamfanya Muumba amsubiri kiumbe. Kwake yeye, Mungu ndiye anayeusukuma utashi wenyewe, na huusukuma bila kuunyang'anya uhuru. Wadominikani wakamsikia Pelagio ndani ya Molina, yule mwalimu ambaye mafundisho yake yalilaaniwa na maaskofu wa Afrika huko Karthago mwaka 418. Wajesuiti wakamsikia Calvin ndani ya Báñez. Nadhani Paulo V alifanya la busara. Fumbo lililomshinda Augustino kulimaliza lisingemalizwa kwa kura za makardinali.

Wakati wakuu wakibishana juu ya neema ya msaada, swali jingine, dogo kwa sura, lilikuwa limeshaingia kwenye kiti cha maungamo. Mkulima ameuza ngano kwa mkopo, akapandisha bei kidogo kwa sababu atalipwa baadaye. Je, amekula riba? Amri inajulikana, lakini walimu wanatofautiana kama amri hiyo inamgusa mtu huyu. Mwaka 1577 Bartolomé de Medina, naye wa Salamanca, aliandika kwamba maoni yenye hoja za kweli na walimu wa kuaminika yanaweza kufuatwa kwa dhamiri safi, hata kama maoni ya kinyume yana uzito zaidi. Chini yake kuna kanuni moja: sheria yenye shaka haimfungi mtu. Medina alikuwa Mdominikani. Nalitaja hilo kwa sababu baadaye mzigo wote walitwishwa Wajesuiti.

Ilikuwa kanuni ya huruma, ila ilichezewa. Padre mwenye maktaba kubwa hakukosa mwandishi mmoja wa kuhalalisha karibu kila kitu, na mwandishi mmoja akaanza kuhesabiwa kuwa anatosha. Juan Caramuel alikwenda mbali katika njia hiyo hata akabaki na jina la mkuu wa walegevu. Mjesuiti Antonio Escobar, aliyekuja kuchekwa Ufaransa nzima kwa vitabu vyake vya kesi za dhamiri, alikuwa mwenyewe mtu wa maisha makali. Ulegevu wake wote aliwapa wengine.

Aliyemfanya achekwe ni Blaise Pascal. Kati ya 1656 na 1657 alitoa kwa siri barua 18 dhidi ya Wajesuiti, akijificha nyuma ya jina la Louis de Montalte. Alikuwa akiwatetea marafiki zake wa monasteri ya Port-Royal, waliofuata kitabu Augustinus cha Cornelius Jansen, askofu wa Ypres. Kitabu hicho kilitoka 1640, miaka miwili baada ya mwandishi wake kufa kwa tauni. Ndani yake neema ya Mungu ilikuwa na nguvu isiyoshindika, na waliopewa ni wachache. Mmoja wa kundi hilo, Antoine Arnauld, alikuwa ameandika mwaka 1643 juu ya komunyo kwa namna iliyowafanya waamini wengi waone ni salama kukaa mbali na meza ya Bwana. Papa Inosenti X alilaani kauli tano zilizohusishwa na Jansen mwaka 1653.

Hapo ndipo dhamiri ilipowarudia watu wasioiamini sana. Mapadre na watawa walitakiwa kutia saini hati inayosema kwamba kauli hizo tano ni uzushi, na kwamba zimo katika kitabu cha Jansen. Masista wa Port-Royal walikuwa tayari kukiri la kwanza. La pili liliwashinda. Wengi wao hawakusoma Kilatini; wataapaje juu ya kilichomo katika kitabu wasichoweza kukifungua? Jacqueline Pascal, dada yake Blaise, aliandika kupinga hata maneno ya suluhu yaliyotungwa ili saini ipatikane. Mwishowe alitia saini kwa shingo upande, akafariki Oktoba 1661 akiwa na miaka 36. Agosti 1664 askofu mkuu wa Paris alifika na askari, akawaondoa masista 12 na kuwanyima sakramenti waliobaki wakikataa. Watu wa chama kilichofundisha kwamba kutojua sheria ya maumbile hakumwondolei mtu hatia sasa walisimama juu ya dai moja tu: siwezi kusema kwa kiapo nisilolijua. Sijaona katika karne ile utetezi wa dhamiri ulio wazi kuliko wa wanawake hao. Mwaka 1709 Mfalme Louis XIV aliwatawanya masista wazee waliosalia, na muda mfupi baadaye majengo yakabomolewa.

Roma iliwachapa wote. Mapapa Alexander VII na Inosenti XI walilaani kauli nyingi za walegevu; orodha ya 1679 peke yake ina kauli 65. Mwaka 1690 ikawa zamu ya wakali, pamoja na dai lao kwamba hairuhusiwi kufuata maoni hata yenye uwezekano mkubwa kabisa.

Mipaka miwili ilikuwa imewekwa, lakini padre mwenye foleni ya waungamaji alihitaji njia ya kupita katikati. Aliyeikata alikuwa wakili. Alfonsi wa Liguori aliacha mahakama za Napoli baada ya kushindwa kesi kubwa mwaka 1723, akapewa upadre 1726. Katika masomo yake ya upadre alilelewa kwa kitabu cha wakali, kisha akaenda kuhubiri kwa wachungaji wa mbuzi katika milima ya Scala, alikoanzisha shirika lake mwaka 1732. Wale watu walimfundisha upya. Theologia Moralis yake ilianza kutoka 1748, na msimamo wake ulikomaa polepole: hoja za sheria zikizidi waziwazi, fuata sheria, zikikaribiana na za uhuru, sheria haijatangazwa vya kutosha kumfunga mtu. Kuhusu neema aliandika 1759 kwamba kila mtu hupewa walau ya kutosha kuomba, na anayeomba atapata iliyobaki. Hakumaliza ubishi wa Molina na Báñez. Alimpa mwungamaji kitu cha kufanya jioni ile ile. Yeye mwenyewe aliteswa na wasiwasi wa dhamiri hadi uzeeni, akiishi kwa kumtii muungamishi wake.

Ufaransa ilichelewa kumpokea. Ukali ulibaki seminarini, na mapadre wengi waliahirisha ondoleo la dhambi kwa miezi. Mwaka 1831 askofu mkuu wa Besançon aliuliza Roma kama muungamishi anaweza kufuata maoni ya Alfonsi bila kuchunguza hoja zake. Jibu likawa ndiyo. Mwanateolojia Thomas Gousset akachapisha kitabu cha kumtetea Alfonsi mwaka uliofuata. Kijijini Ars, padre Jean-Marie Vianney, aliyekuwa akiwanyima ondoleo waliokwenda kwenye dansi, alilegeza ukali wake kadiri miaka ilivyokwenda, naye akakaa kitini hata saa kumi na sita kwa siku.