Mkono, Ukuta na Kompyuta: Historia ya Uigaji wa Michoro kwa Kurejelea Michoro ya Buyeye ya Usukuma

Kwa muda mrefu, watafiti wa picha za kompyuta walilenga kuzalisha taswira zinazofanana na za kamera. Kuanzia mwaka 1990 tawi jingine lilipata nguvu, nalo likakusudia kompyuta itoe picha zinazofanana na zile zilizochorwa kwa kalamu au kupakwa rangi kwa mkono. Insha hii inapima historia ya tawi hilo kwa kurejelea michoro ya ukutani ya Buyeye, chama cha wacheza nyoka cha Wasukuma wa Mwanza na maeneo ya kusini mwa Ziwa Viktoria. Hoja kuu ni kwamba kadiri uigaji ulivyoikaribia sura ya mchoro, ndivyo ulivyojitenga na uamuzi wa mchoraji. Na katika michoro ya Buyeye, uamuzi huo ndio maarifa yenyewe.

Michoro ya Buyeye ilielezwa kwa kina na Hans Cory, mzaliwa wa Vienna na mtafiti wa jamii katika serikali ya kikoloni, katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1953. Michoro hiyo ilikuwa ndani ya nyumba za chama na iliambatana na mafunzo ya wanachama wapya. Nyoka, binadamu na viumbe vya masimulizi vilichorwa vikiwa na maana zake. Aliyefunzwa aliweza kuusoma ukuta. Asiyefunzwa aliona maumbo tu.

Kwa upande wa kompyuta, Paul Haeberli alionesha mwaka 1990 programu iliyomwezesha mtumiaji kupitisha kishale juu ya picha ya kamera, nayo programu ikachukua rangi ya mahali hapo na kuweka mguso wa brashi. Mahali pa kila mguso palichaguliwa na binadamu. Mwaka 1998 Aaron Hertzmann aliwasilisha mbinu ambayo kompyuta yenyewe hutangulia na brashi pana, kisha hurudia kwa brashi nyembamba pale ambapo picha bado inatofautiana na chanzo chake. Sasa kanuni ilishika nafasi ya mkono. Mwaka 2015 Leon Gatys, Alexander Ecker na Matthias Bethge wa Tübingen, Ujerumani, walitumia mtandao wa neva bandia kutenganisha mtindo wa mchoro mmoja na kuuhamishia kwenye picha nyingine.

Utendaji wa mbinu hii ya mwisho una uzito wa pekee kwa mjadala huu. Mtandao hupima ni sifa zipi za rangi na mistari hujitokeza pamoja, lakini hutupa taarifa ya mahali zilipo. Kwa hiyo, mtindo wa ukuta wa Buyeye ukihamishiwa kwenye picha ya Mwamba wa Bismarck uliopo Mwanza, mwamba utapata rangi na michirizi ya ukuta huo, lakini nyoka aliyewekwa makusudi mahali fulani, kando ya kiumbe fulani, hatakuwepo. Kinachotupwa na hesabu ndicho alichofundishwa mwanachama mpya.

Haimaanishi kwamba kompyuta na sanaa ya mkono haziwezi kukaa pamoja. Katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kurushwa mwaka 2010, zilifuata mtindo unaotokana na kazi ya Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972. Humo kila mnyama alibuniwa na watu walioijua hadithi yake. Kompyuta ilimpa mwendo.

Tofauti hiyo ina matokeo kwa uhifadhi wa kidijitali wa urithi wa Usukuma, ukiwemo ule unaotunzwa katika Makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza. Picha ya mchoro ikihifadhiwa bila maelezo ya wenye mchoro, itafaa kuzalisha maelfu ya nakala za mtindo wake, na hakuna hata moja kati ya hizo itakayosomeka. Maelezo ya ukuta, basi, yahesabiwe kuwa sehemu ya mchoro, wala si nyongeza yake.