Meno ya Nailoni Yalitoka Wapi?

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI:  

Wiki iliyopita bibi mmoja alinisimamisha bombani. Nilipomwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mjukuu wangu, nyie vijana wa redio mnatukataza kuwatoa watoto meno ya nailoni. Mbona hiyo ni mila ya mababu?" Nilimwahidi jibu. Bibi, kwa heshima zote, jibu lako ni hili.

Kwanza, tulitazame jina. Nailoni ilitengenezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1935. Babu wa babu zetu hakuijua. Nchini Tanzania, habari za meno ya nailoni, au ya plastiki, zilienea miaka ya 1980. Kaskazini mwa Uganda zilitangulia: mwaka 1969, Jens Pindborg, daktari wa meno kutoka Denmark, aliandika juu ya watoto wa Waacholi waliong'olewa machonge kabla hayajachomoza. Waganda wengine husema ebiino, Wanyarwanda ibyinyo. Majina ni mengi lakini hofu ni moja: mtoto anaharisha, ana homa, fizi zimevimba, basi inasemekana kuna mdudu ndani ya ufizi.

Hofu hiyo si yetu peke yetu. Huko Ufaransa, katika karne ya 16, mpasuaji maarufu Ambroise Paré alifundisha kuchana fizi za watoto ili meno yatoke. London, katika karne ya 17, orodha za vifo ziliandika "meno" kuwa chanzo cha kifo. Wazungu nao walikosea kama sisi.

Kosa lilitoka wapi? Mtoto huanza kuota meno karibu na miezi 6. Umri huohuo anaanza kula chakula kingine, anatambaa na kutia kila kitu mdomoni. Hapo ndipo vijidudu vya kuharisha humpata. Meno na ugonjwa hufika pamoja, na lawama huangukia meno.

Anachokitoa mng'oaji kwa spoku ya baiskeli si mdudu. Ni chonge changa, laini na jeupe kwa sababu halijakomaa. Mtoto anabaki na kidonda, anaweza kutokwa damu nyingi au kupata pepopunda, na hata jino la ukubwani linaweza kuharibika. Kuharisha kunaendelea, maji yanazidi kumwishia mwilini. Hayo ndiyo yanayomuua.

Sasa sikilizeni dawa ya kweli ilikothibitishwa. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh viliwakimbiza mamilioni ya watu hadi India. Katika kambi ya Bongaon kipindupindu kililipuka na dripu zikapungua. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza wagonjwa wanyweshwe maji yaliyochanganywa sukari na chumvi, na ndugu zao ndio waliowanywesha. Kati ya kila wagonjwa 100 waliotibiwa hivyo, walikufa chini ya 4. Ile pakiti ya ORS tunayopewa kliniki ilipata sifa yake kambini, mikononi mwa wakimbizi kama sisi.

Kwa hiyo, mama na baba, mtoto akiharisha, mpe ORS, endelea kumnyonyesha, na mpeleke kituo cha afya. Jino la kwanza likitoka, lipige mswaki laini asubuhi na usiku, kwa dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele. Asilale na chupa ya chai ya sukari mdomoni.

Na wewe bibi, mila ya mababu ninayoijua ni kumlinda mtoto. Hiyo hatuikatazi. Tunaomba utusaidie kuiendeleza, maana majirani watakusikiliza wewe kabla yangu.

Kwaherini, tukutane wiki ijayo.

(Muziki wa kufungia.)